Panga kwa saa, si kwa maili: kuwazungusha wageni kwenye makorongo ya Utah na Arizona

Ikikaribia Juni simu zinaanza kuingia. Mmoja yuko Texas, mwingine Ohio, mwingine Minnesota, na maneno ni yaleyale: wageni wanakuja kutoka nyumbani, wanataka kuona Grand Canyon, na yale matao ya mawe, na zile nguzo nyekundu, na tuna wiki moja tu, dada, tufanyeje? Mimi ni mtu wa Kondoa, naishi Salt Lake City, kazi yangu ni kuendesha basi la shule. Shule zikifungwa, dereva wa ukoo mzima ni mimi, wa kwetu na wa ukweni. Haya ndiyo ninayowajibu.

Fungua ramani, uangalie maili, halafu uziweke pembeni. Huku maili hazisumbui. Barabara kuu za Utah kama ya 15 na ya 70, sehemu nyingi za nje ya miji, zinaruhusu maili 80 kwa saa, karibu kilomita 129, lami safi, hakuna matuta wala trafiki wa kukusimamisha kila kijiji. Kinachokula safari ni saa. Kiangazi, kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni, jangwa halitembeleki kwa miguu. Na giza likishaingia, kulungu na ng'ombe wanapanda barabarani, maana sehemu nyingi hazina uzio na ng'ombe wana haki ya kutembea watakako. Kwa hiyo siku ina vipande vitatu. Alfajiri hadi saa nne ni ya kutembea. Mchana ni wa kuendesha, kiyoyozi kikiwa kimewaka na watoto wamelala nyuma. Jioni ni ya kutazama, mkiwa mmeshafika mahali ambapo vitanda viko karibu. Ukipanga hivyo, kila kituo kinapata saa yake nzuri. Ukipanga kwa maili utajikuta Arches, ile hifadhi ya matao, saa saba mchana, mama mkubwa ana presha, kivuli hakuna, na kila mtu anakuangalia wewe.

Juni ndiyo wageni wengi wa Tanzania wanakuja kwa sababu ya likizo za shule, na Juni ina faida yake: ni kavu na siku ni ndefu mno, jua linachomoza karibu saa kumi na mbili na kuzama karibu saa tatu usiku. Joto lipo, lakini mvua bado. Kuanzia Julai katikati hadi Septemba kunakuwa na mvua za mchana za ghafla, nitarudi kwenye hizo. Wageni wa Desemba waambie mapema kwamba Bryce, kwenye zile nguzo nyekundu, iko juu kuliko Lushoto na usiku wa baridi kipimajoto kinashuka chini ya sifuri sana. Sweta la Arusha halitoshi. Kama una uhuru wa kuchagua, chagua Aprili na Mei, au mwisho wa Septemba na Oktoba. Hapo hata mtu mvivu anatembea.

Sasa njia. Mzunguko wangu unaanza Salt Lake, unashuka Moab kwa saa nne hivi, unalala hapo siku mbili kwa ajili ya Arches na Canyonlands. Kutoka Moab unashuka kusini, Blanding, Bluff, Mexican Hat, hadi Monument Valley kwenye mpaka wa Utah na Arizona. Kisha Page, penye korongo jembamba la Antelope Canyon na ile kona ya mto iitwayo Horseshoe Bend. Kisha Grand Canyon upande wa kusini, kwa kupitia Cameron na kuingilia lango la mashariki la Desert View. Halafu unarudi juu Page, unapita Kanab, unaingia Zion kwa lango la mashariki, unamalizia Bryce, unarudi nyumbani kwa barabara ya 15. Huo ni mzunguko wa siku tisa au kumi usiowaua watu.

Mwenye wiki moja afanye nini? Akate. Nasema hivi nikijua watu hawapendi. Kila mtu anataka kuweka hifadhi zote tano za Utah na Grand Canyon juu yake, na anachopata ni picha za maegesho. Mwenye wiki moja na wageni wanaotaka Grand Canyon aiache Moab yote, ashushe wageni Las Vegas badala ya Salt Lake, na afanye Zion, Bryce, Page na Grand Canyon. Las Vegas hadi Zion ni saa mbili na nusu au tatu. Moab itawasubiri, mawe yale hayaendi popote.

Na unaposema Grand Canyon, kubalianeni mnasema upande gani. Upande wa kusini uko wazi mwaka mzima. Upande wa kaskazini hufungwa wakati wa theluji, na Julai 2025 moto ulichoma hoteli ya kihistoria ya huko na majengo mengine mengi. Kwa macho, kutoka ukingo hadi ukingo ni kama maili 10. Kwa gari ni zaidi ya 200, saa tano nzima. Nimeona watu wameweka hoteli upande mmoja na matembezi upande mwingine siku hiyohiyo.

Hela za kuingia. Hapa wageni kutoka nyumbani hawatashangaa, maana Serengeti na Maasai Mara kuna bei ya mwananchi na bei ya mgeni tangu zamani. Marekani nao wameanza. Tangu 1 Januari 2026, kadi ya mwaka ya hifadhi zote za taifa ni dola 80 kwa mkazi wa Marekani na dola 250 kwa asiye mkazi. Asiye mkazi asiye na kadi ya mwaka, kama ana miaka 16 au zaidi, anaongezewa dola 100 kwa kila hifadhi katika hifadhi 11 zenye watu wengi, na kwenye njia yetu hizo ni Grand Canyon, Zion na Bryce. Arches, Canyonlands na Capitol Reef hazimo. Piga hesabu mwenyewe: wageni wawili wazima wakiingia hizo tatu bila kadi ni dola 600 za nyongeza. Kabla ya kununua, soma masharti kwenye tovuti ya hifadhi, hasa kama gari litakuwa na wakazi na wageni pamoja, na kila mtu abebe kitambulisho chake: mkazi kadi yake ya serikali, mgeni pasipoti. Kwa wakazi peke yao hesabu ni nyepesi. Gari moja hulipa dola 35 Zion, 35 Bryce, 35 Grand Canyon, 30 Arches, 30 Canyonlands. Ukiingia tatu tu, kadi ya 80 imeshajilipa. Nunua kabla ya kuondoka, na langoni usitoe noti, hifadhi nyingi siku hizi zinapokea kadi tu.

Kuna sehemu ambazo kadi hiyo haifanyi kazi kabisa: Monument Valley na Antelope Canyon ni mali ya taifa la Wanavajo, wenyeji wa asili wa huku, na maegesho ya Horseshoe Bend ni ya mji wa Page. Huko unalipa kando. Usibishane na binti wa langoni, ardhi ni yao.

Ya kushika nafasi mapema yana mpangilio wake. Kwanza Antelope Canyon, kwa sababu hauruhusiwi kuingia bila mwongozaji wa Kinavajo na saa za katikati ya mchana, mwanga ukishuka ndani, zinaisha haraka. Hiyo ndiyo saa pekee ya mchana ninayokubali watu wawe korongoni, maana ndani kuna kivuli. Pili, kulala. Hoteli zilizo ndani ya hifadhi, hasa Grand Canyon, watu huzishika karibu mwaka mzima kabla. Ukikosa usilie: kuna Tusayan mlangoni kabisa, na Williams na Flagstaff kwa bei nafuu zaidi. Kwa Zion lala Kanab au Hurricane badala ya Springdale, mfuko utakushukuru. Kwa Bryce kuna Tropic na Panguitch. Kwa Moab, familia kubwa ilale Green River, ni chini ya saa moja. Tatu, Arches: kuna miaka, kuanzia 2022, ambapo msimu wa watu wengi ulidaiwa kuweka saa ya kuingia kabla, kwa hiyo angalia tovuti yao mwezi utakaokwenda. Nne, kama kuna kijana nyumbani anataka Angels Landing kule Zion, ile njia ya kushika minyororo kwenye ukingo wa mwamba, tangu Aprili 2022 inataka kibali cha bahati nasibu. Mimi sipeleki mtoto wa mtu huko. Mama yake yuko Kondoa, nitamwambia nini?

Kabla ya kuweka saa zozote, jua jambo la saa zenyewe. Utah wanasogeza saa mbele kiangazi. Arizona hawasogezi. Lakini ndani ya Arizona, ardhi ya Wanavajo inasogeza. Kwa hiyo kiangazi ukitoka Monument Valley kwenda Page, unarudi nyuma saa moja, na simu yako ikishika mnara wa upande wa pili inaruka yenyewe mbele na nyuma. Tiketi za Antelope zinafuata saa ya Page. Nevada wana saa zao, ingawa kiangazi zinalingana na za Page. Andika kila miadi kwenye karatasi kwa saa ya mahali husika, asubuhi au jioni ionekane wazi, na ubandike kwenye dashibodi. Kwa wageni wetu kuna hatari ya ziada: mtu amesoma "9:00" akatafsiri kichwani saa tisa, akaenda kulala.

Gari. La kukodi, fungua buti kabla hujasaini. Magari mengi mapya hayana tairi la akiba, yana kipampu na kichupa cha gundi, na gundi haisaidii tairi likipasuka ubavuni. Omba lenye tairi. Angalia upepo, wipa, na kama ni gari lako mwenyewe, maji ya rejeta na mkanda, ufanye hivyo wiki moja kabla, siyo asubuhi ya safari. Mikataba mingi ya kukodi inakataza barabara za vumbi, na bima haikugusi ukikwama huko. Hapa programu za ramani zinadanganya watu. Ukiwa njiani kati ya Page na Bryce itakuonyesha barabara ya Cottonwood Canyon kama njia ya mkato. Ni ya udongo mfinyanzi. Ikiwa kavu, magari hupita. Ikilowa, hata gari la magurudumu manne halitoki, na gharama ya kuvutwa kutoka huko ni ya kununulia ng'ombe. Pita barabara ya 89 kwa Kanab, ndefu na ya lami. Hali kadhalika kule karibu na Mexican Hat kuna Moki Dugway, barabara ya changarawe iliyokatwa kwenye ukingo wa mlima, maili tatu za kona kali bila kingo. Inavutia kutazama. Mwenye kutaka kuiendesha aache abiria wazee chini.

Mafuta jaza ukifika nusu tenki, usisubiri taa. Sheli zipo Moab, Blanding, Kayenta, Page, Kanab, na katikati ya hapo ni kidogo sana. Anayetoka Las Vegas kwenda Moab kwa barabara ya 70 ajue kwamba kati ya Salina na Green River kuna zaidi ya maili 100 bila sheli, bila duka, bila nyumba. Vibao vinakuonya, vitii. Mtandao wa simu nao hupotea kwa saa nzima, kwa hiyo pakua ramani kwenye simu ukiwa nyumbani, na uache mpango wako kwa mtu: leo tunalala wapi, kesho wapi.

Maji ni lita nne kwa kila mtu kwa siku, hayo ni ya kunywa. Sisi watano tunabeba madumu mawili ya lita ishirini, na tunajaza kila tunapolala. Chupa ndogo ndogo za dukani ni ghali na zinajaza takataka. Lakini maji peke yake hayatoshi. Hewa ya huku ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, na chumvi inatoka nalo. Mtu akinywa maji matupu siku nzima bila kula anaanza kuumwa kichwa na kutapika, watu wanadhani ni jua tu. Beba paketi za ORS, zilezile tunazowapa watoto wakiharisha, na karanga za chumvi. Wanawake, mtandio mwepesi wa pamba unashinda kofia, ulowanishe, uuvae. Na wenye ngozi nyeusi wasidanganyike, mafuta ya kukinga jua yanawahusu.

Sasa niseme kuhusu mvua, na hapa nawaomba msome taratibu. Kwetu Kondoa mtoto anafundishwa mapema kwamba mto wa mchanga unaweza kuja bila wingu juu ya kichwa chako, kwa kuwa mvua imenyesha Haubi, siyo hapa. Makorongo ya huku ni hivyohivyo, na mabaya zaidi, kwa sababu ni mwamba mtupu usionyonya kitu na mengine upana wake ni mabega ya mtu. Tarehe 12 Agosti 1997 watalii 11 walikufa ndani ya Antelope Canyon ya chini. Mvua ilikuwa imenyesha maili kadhaa juu ya korongo. Septemba 2015, watu saba walifia Keyhole Canyon pale Zion, siku moja, kundi moja. Kwa hiyo kanuni yangu: kuanzia Julai hadi Septemba, kila asubuhi uliza kituo cha wageni hali ya mafuriko ya ghafla, na ukiambiwa yanawezekana, makorongo membamba yote yanafutwa siku hiyo, hata kama umelipia. Ukiwa ndani na ukaona maji yamebadilika rangi, au vijiti vimeanza kuelea, au umesikia mvumo, usikimbilie mlango ulioingilia. Panda juu, popote palipo juu.

Kuhusu kushuka Grand Canyon. Watu wetu wamezoea habari za Kilimanjaro, unapanda ukiwa na nguvu, unashuka ukiwa umechoka. Hapa ni kinyume. Njia ya Bright Angel inakushusha kwa raha asubuhi, miguu inajiendea, halafu unageuka saa tano na kilomita zote za kupanda zinakusubiri juani. Kadiri unavyoshuka joto linaongezeka. Chini mtoni kiangazi hupita nyuzi 40. Hesabu saa moja ya kushuka kuwa saa mbili za kupanda. Mimi wageni wangu wanashuka dakika arobaini, wanapiga picha, wanarudi. Kwenda mtoni na kurudi siku moja, mamlaka ya hifadhi yenyewe inawaonya watu wasijaribu. Na msilishe kindi. Wanaonekana wapole, wanauma, na kila mwaka kuna watu wanatibiwa kwa ajili yao.

Wazee wana safari yao ndani ya safari, na mimi huipanga kwanza kabla ya ya vijana. Mama mkwe wangu ana magoti mabovu na aliona kila kitu. Zion, magari binafsi hayaingii korongo kuu kwa sehemu kubwa ya mwaka, kuna mabasi ya bure tangu 2000, na kwa mzee hiyo ni neema: anakaa dirishani, anateremka kituo cha mwisho, anatembea ile njia ya sakafu sawa kando ya mto mpaka atakapochoka. Tena ingieni Zion kutokea mashariki, mpite handaki la mwaka 1930, zaidi ya maili moja ndani ya mwamba, na madirisha yaliyochongwa ubavuni. Ukitoka upande wa pili korongo lote linakufungukia. Washa taa, na magari makubwa ya kulala yasijaribu bila kusoma masharti. Bryce, kati ya Sunset Point na Sunrise Point kuna njia ya lami, tambarare, kama nusu maili, na nguzo zote ziko chini ya macho yako. (Bryce kwa haki siyo korongo, hakuna mto ulioichimba. Ni maji yanaganda kwenye nyufa usiku na kuyeyuka mchana, mwaka baada ya mwaka, mpaka mwamba unamenyeka.) Grand Canyon, mkalisheni Desert View, kwenye mnara wa mawe aliousanifu Mary Colter, uliokamilika 1932. Arches, eneo la Windows na Balanced Rock ni hatua chache kutoka garini. Delicate Arch, lile tao lililo kwenye namba za magari ya Utah, ni la vijana: kilomita karibu tano kwenda na kurudi, mwamba mtupu, kivuli hakuna. Waondoke kabla jua halijatoka.

Kuna jambo moja la Moab ninalomwambia kila mgeni kabla hajafungua mlango. Ule udongo mweusi wenye vinundu pembeni mwa njia una uhai, ni vijidudu vimeshikilia mchanga pamoja, na unyayo mmoja unauharibu kwa miaka mingi sana. Mtu wa Kondoa hahitaji mahubiri marefu hapa. Sisi tuliona udongo wetu ukienda, tukaletewa mradi wa kuhifadhi ardhi, HADO, mwaka 1973, na 1979 mifugo yote ikaondolewa ili ardhi ipumue. Wazee walilia kwa ajili ya ng'ombe wao. Basi tembea juu ya mwamba au ndani ya njia, basi.

Ardhi ya Wanavajo ni kubwa kuliko Rwanda na Burundi zikiwekwa pamoja, na ukiingia umeingia kwa watu, siyo kwenye mandhari. Pombe hairuhusiwi kisheria, hata ndani ya deli lako. Usimpige picha mtu bila kumwomba. Usirushe droni. Monument Valley ina barabara ya vumbi ya maili 17 kuzunguka minara ile. Kama gari lako ni la chini, lipa mwongozaji akubebe, na hela inabaki pale. Njiani kuna vibanda wanauza mikate ya kukaanga na mchuzi wa kondoo. Hao ni wafugaji wa kondoo tangu enzi, wifi yangu alikula bakuli mbili akaanza kuulizia bei ya mbuzi.

Chakula kingine tunapika nyumbani. Maduka ya njiani ni ghali, na nyama ya halali usitegemee kuikuta baada ya Salt Lake au Las Vegas, kwa hiyo naigandisha kwenye vifurushi na inasaidia kupoza deli siku mbili za mwanzo. Chapati zinakaa siku tatu. Maharage yaliyochemshwa, mayai, ndizi, kachumbari ya kukata palepale. Jiko dogo la gesi linatosha kwa chai na ugali, ila angalia makatazo ya moto, kiangazi yanabadilika kila wiki. Swala tunaswali kwenye maegesho ya vituo vya kutazamia. Kibla kutoka huku ni kaskazini-mashariki, na hakuna aliyewahi kutusumbua, zaidi ya mzee mmoja aliyetuuliza kama tumepotea.

Kama umebaki na siku moja, usiiongeze Moab. Ipeleke Capitol Reef. Watu wengi wanaipita kwa kasi kwa barabara ya 24, ambayo haina hata lango, na wanakosa Fruita: bustani za matunda zilizopandwa na walowezi wa Kimormoni, ambazo sasa ziko chini ya hifadhi, na matunda yakiiva unachuma mwenyewe, unakula bure ukiwa bustanini, unalipia unayobeba. Cheri huanza Juni, aprikoti zinafuata, pichi Agosti, tufaa Septemba. Kando ya barabara hiyohiyo kuna michoro ya watu wa Fremont iliyochongwa mwambani, na mgeni aliyeona michoro ya miambani ya Kolo, kwetu Kondoa, atasimama hapo zaidi kuliko anavyosimama kwenye korongo lolote. Kutoka hapo barabara ya 12 inakushusha hadi Bryce kwa kupita Boulder na Escalante, na kuna kipande kiitwacho Hogback ambapo lami inapita juu ya mgongo wa mwamba na pande zote mbili ni shimo. Pita mchana. Dereva asitazame pembeni.

Siku ya mwisho, kutoka Bryce hadi Salt Lake ni saa nne hivi, na kila mgeni atakuambia saa nne ni kidogo, tuondoke asubuhi tuwahi ndege ya jioni. Kataa. Kuna mizigo ya kupanga upya, kuna gari la kukodi la kurudisha likiwa na vumbi jekundu hadi kwenye mikanda, kuna shemeji ambaye hajanunua viatu vya watoto, na kwenye barabara ya 15 karibu na Provo kuna foleni ya jioni inayomaliza hesabu zote. Ndege iwe kesho yake.